Kuiongezea Nguvu Injini ya Marehemu

Nilianza kujifunza ufundi wa injini nikiwa na miaka hamsini na mmoja, umri ambao watu wenye akili huanza kujifunza kulala mapema. Nina shahada mbili za fasihi. Nimechapisha insha kuhusu upweke, kuhusu theluji, na moja ndefu kuhusu chai, ambayo shemeji yangu aliisoma nusu akasema imempa kiu. Lakini mpaka mwaka ule sikuwa nimewahi kubadilisha hata plagi. Ndugu yangu ndiye aliyekuwa na mikono. Mimi nilikuwa na maneno, na hata mkate wangu unatokana na maneno: mimi ni mkalimani katika hospitali za Minneapolis. Ninakaa katikati ya daktari na familia, nyingi zikiwa za wakimbizi kutoka mashariki mwa Kongo, na kueleza kwa Kiswahili kile ambacho mashine imekiona ndani ya mwili wa mtu wao.

Ndugu yangu, mdogo wangu wa pekee, alikufa Aprili, asubuhi, katika maegesho ya kazini kwake Golden Valley. Moyo. Alikuwa amekwisha kuzima gari na kufungua mkanda. Wiki ileile Mama alikuwa amelazwa hospitalini kwa kuvunjika nyonga, kisha, juu ya hayo, mapafu yakaingiwa na maji. Simu zikapigwa kutoka nyumbani Kenya, wazee wakashauriana, kamati ya kanisa ikakaa, na jambo la kwanza kukubaliwa, kabla hata ya siku ya mazishi, lilikuwa hili: Mama asiambiwe.

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa. Mgonjwa haambiwi msiba. Unangoja atoke kitandani, halafu unangoja ale vizuri, halafu unangoja ndugu fulani afike, halafu unatafuta Jumamosi yenye watu wengi wa kumshika. Kwa kuwa mimi ni kifungua mimba na baba yetu alishafariki miaka kumi na sita iliyopita, kazi ya kumwambia ilikuwa yangu, na nilikubali kuiahirisha haraka kuliko ilivyofaa. Tukamzika ndugu yangu Mama akiwa bado na mirija puani.

Aliacha mke, ndiye huyo shemeji yangu, watoto wawili walio vyuoni majimbo ya mbali, na gari kuukuu la milango miwili katika gereji ya nyumba yao huko Plymouth. Lilitoka kiwandani kabla sisi hatujajua kusoma. Lilikuwa na silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na kabureta moja tu ya kuzilisha zote. Nilikuja kujua kwamba hiyo ndiyo kasoro ya injini za namna hiyo. Ni kama nyumba yenye watoto sita na sufuria moja iliyotengwa katikati ya meza: walio karibu wanashiba, walio pembeni wanakwangua. Ndugu yangu alikuwa amedhamiria kuleta haki. Juu ya meza yake ya kazi alibandika karatasi yenye mwandiko wake: tapeti, bomba la moshi la mirija sita, kabureta tatu, kamshafti. Vifaa vyote alikuwa amekwisha kuvinunua. Vilikaa chini ya meza ndani ya maboksi ambayo hayakuwahi kufunguliwa.

Sina maelezo ya heshima kuhusu kwa nini niliamua kuimaliza orodha ile. Ningependa kusema ni upendo. Ukweli ni kwamba gereji ndiyo ilikuwa sehemu pekee ya nyumba ile ambapo hakuna aliyetarajia niseme kitu.

Mama alirudi kutoka hospitalini katikati ya Mei, akakaa nyumbani kwa ndugu yangu kama zamani. Macho yake yalikuwa yamekwisha siku nyingi kwa presha ya macho. Anatofautisha mchana na usiku, basi. Lakini masikio yake yanaweza kusikia deni likikaribia. Shemeji alimwambia kwamba mumewe amepelekwa mafunzo Texas. Mama akasema sawa. Mimi, kwa siku mbili za kwanza, nilishuka basi, nikaingilia mlango wa gereji, nikafungua na kufunga nati nilizoziona, nikaondoka bila kwenda kumsalimia. Sikuweza kumdanganya. Sikuweza pia kutomdanganya.

Siku ya tatu niliifanya ile kazi ya kwanza kwenye orodha. Nikapima nafasi za tapeti, vile vijiti vinavyosukuma valvu, kwa vibati vyembamba, nikitazama video na kusimamisha, nikitazama na kusimamisha. Saa kumi na mbili jioni nikawasha. Ikawaka kwa silinda tano. Ya sita ilikuwa inakohoa. Nikazunguka nayo mtaa mmoja, nikiwa nimekaa wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, nikarudi. Shemeji alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono yake imejaa unga wa chapati.

Alinieleza kwa kunong'ona. Ndugu yangu alikuwa na desturi ya kuliwasha gari lile kila jioni saa hiyohiyo na kulizungusha kidogo ili lisisahau kazi. Mama alikuwa amekaa sebuleni. Aliposikia mlio akainua uso, akasema, "Amerudi." Na shemeji, ambaye hakuwa na jibu lingine mdomoni, akasema, "Ndiyo, Mama."

Uongo huo hatukuupanga. Ulizaliwa na injini. Tulichofanya sisi ni kuulea. Mama alipouliza mbona hamsikii ndani, shemeji alisema anafanya shifti mbili, anapita tu kubadilisha nguo. "Mwache," Mama akasema, na hakuuliza tena. Tulijipongeza. Tukakubaliana niwe naliwasha kila jioni, kwa muda tu, mpaka Mama apate nguvu.

Jioni ile nilinawa mikono kwa sabuni ya vyombo, nikaingia sebuleni kupitia nyuma, nikamsalimia.

Kwetu mtoto akimsalimia mama yake humpa mkono, na mama huushika kwa muda, anaupima kama anayenunua samaki. Mama hakunipa mkono. Aliposikia sauti yangu alishtuka, kisha akaiingiza mikono yake yote miwili ndani ya leso na kuikunja hapo. Shemeji alikuwa bado pale sebuleni. Mama akanyamaza kama vile hakuna mtu aliyezungumza. Shemeji alipokwenda jikoni ndipo Mama akageuza uso upande wangu, taratibu, akasema kwa upole ambao sikuuzoea kutoka kwake, "Umekuja. Kaa hapo."

Nikakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na dirisha. Nilidhani amenikasirikia kwa sababu sikumtembelea sana hospitalini, na nikaona ni haki yake.

Ikawa hivyo kila jioni. Jua la Juni hapa Minnesota halitui mpaka saa tatu usiku, kwa hiyo yote haya yalitokea mchana mweupe, watoto wa jirani wakiendesha baiskeli nje. Mbele ya watu Mama hakunijibu neno. Tukibaki wawili alinong'ona. Alikuwa anamwomba shemeji vikombe viwili vya chai, na kimoja anakisukuma kwa kidole mpaka kwenye ukingo wa dirisha, karibu nami, bila kunikabidhi. Siku ya kwanza nilikinywa. Akainamisha kichwa, akasikiliza ninavyomeza.

"Unakunywa?"

"Nakunywa, Mama."

"Ajabu," akasema, akabaki akifikiri.

Siku nyingine aliniuliza kama nimemwona baba. Nilimwambia sijamwona. Akasema nimtafute, kwa sababu hapendi kukaa peke yake, na nisiogope kumwendea hata kama tuliachana vibaya. Nilikwenda jikoni nikamweleza shemeji kwamba wazee huchanganyikiwa baada ya dawa ya usingizi ya upasuaji, nimeona mara nyingi kazini, hupita. Nilikuwa na jina la kitaalamu la hali hiyo, nikalitaja. Mtu wa maneno akipata jina hudhani amepata dawa.

Wakati huohuo injini ilikuwa inapona. Mwishoni mwa Juni nilitoa bomba la moshi la zamani, chuma kizito kilichoziba, nikafunga lile la mirija sita, kila silinda na njia yake ya kutolea pumzi. Ilinichukua Jumamosi nzima na ngozi ya vidole vinne. Mlio ukashuka, ukawa mzito. Jioni hiyo Mama alimwambia shemeji, mbele yangu na bila kunijali, "Leo kifua chake kimefunguka." Wiki zilizotangulia, silinda ilipokuwa inakohoa, alikuwa ameagiza ndugu yangu achemshiwe tangawizi.

Kabureta tatu zilinishinda. Kuzifunga si kazi. Kazi ni kuzifanya zivute hewa kwa kipimo kimoja, la sivyo injini inatetemeka kama mtu mwenye homa. Nilikwenda kwa fundi mmoja wa Kivu, muumini wa kanisa letu, mwenye karakana katika yale majengo ya bati ya viwanda vidogo huko Plymouth. Alikuja na kipande cha mpira wa maji. Ncha moja akaitia sikioni, nyingine akaishika kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, halafu ya pili, halafu ya tatu, kama daktari anayesikiliza mapafu.

"Mukubwa, weka sikio," akaniambia. "Ya kwanza inapumua sana. Ya tatu iko inalala."

Niliweka sikio. Ndani ya mpira kulikuwa na sauti ya mtu anayevuta pumzi bila kuitoa. Alizungusha skrubu robo kwa robo, mpaka zote tatu zikavuta pamoja, na gari likatulia kiasi kwamba nilidhani limezimika. Alinicheka. Akasema nimepata moteur, injini, ya kijana, sasa nitafute na mwili.

Tukalizungusha mtaani. Kwa mara ya kwanza nilielewa ndugu yangu alikuwa anatafuta nini: unagusa kidogo tu na kitu kikubwa kinakuitikia kutoka chini, bila kelele, tayari. Niliporudi nilikuwa natabasamu peke yangu. Shemeji aliniambia baadaye kwamba Mama alisikiliza gari likiingia, akashusha pumzi ndefu, akasema, "Amepona kabisa. Sasa hanihitaji." Hakuna aliyelitilia maanani neno lile.

Jumanne moja ya Agosti nilikuwa gereji, injini ikiunguruma taratibu, kamshafti mpya, kile chuma kirefu cha kuendesha valvu, mkononi, nikijaribu kuelewa upande upi ni wa mbele. Shemeji akaingia, akafunga mlango wa nyumba nyuma yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaniomba nizime. Nikazima.

"Shem," akasema, "Mama anajua kuna mtu alikufa."

Nikamuuliza nani amemwambia.

"Hakuna. Viti."

Kanisa lilikuwa limetuazima viti vya kukunja kwa ajili ya matanga, na vingine havikurudishwa. Viliegemezwa kwenye ukuta wa korido. Siku aliyorudi kutoka hospitalini, Mama alipita pale na kile chombo chake cha kutembelea, akavigusa kimoja kimoja. Jikoni akaligusa sufuria kubwa la kanisa. Mwanamke aliyezika mume, wazazi na dada wawili hahitaji kuambiwa viti vya namna hiyo huletwa lini. Alikuwa amekaa miezi mitatu na jambo hilo kifuani, akitungoja sisi.

Nikiri kwamba nilichohisi kwanza ni nafuu. "Basi anajua," nikasema.

"Anajua kuna aliyekufa. Lakini gari linakuja kila jioni, Shem. Kwa hiyo mwenye gari yuko hai." Akaniangalia kama mtu anayeogopa kunigusa. "Ni wewe. Anadhani wewe ndiye uliyekufa."

Nilicheka. Si kicheko kizuri, lakini ndicho kilichotoka. Shemeji hakucheka. Alinieleza maneno ya Mama kama alivyoyasikia mchana ule, walipokuwa wanachambua mboga. Kwamba mdogo anamsikia, na anajua kwa nini anamkwepa: hawezi kumdanganya mama yake usoni. Kwamba mkubwa naye anakuja, kila jioni, anakaa kwenye kiti cha dirishani, anazungumza, hata chai anakunywa. Kwamba mkubwa mwenyewe hajui kilichompata. Kwamba wasimwambie ghafla.

Nikakumbuka. Bibi yetu alikuwa akisema hivyo tulipokuwa wadogo, na nilikuwa nimeyatupa maneno yake pamoja na mengine mengi niliyoyatupa nilipoingia chuo kikuu. Marehemu ambaye hajaelewa akikujia, usimpe mkono. Mjibu kwa upole, muulize haja yake, lakini usimwambie kwamba amekufa, maana akiambiwa njiani atapotea. Huambiwa mara moja tu, kaburini, na mtu wa damu yake. Mama alikuwa anangoja apelekwe kwenye kaburi langu. Sisi tulikuwa tunamficha kifo cha ndugu yangu, na yeye, kwenye kiti kilekile, kwa chai ileile, alikuwa ananificha changu.

Nilisema twende tumwambie saa ileile. Shemeji akasimama mlangoni.

"Akijua wewe uko hai, atajua nani hayuko," akasema. Halafu: "Na mimi pia, Shem. Hiyo saa kumi na mbili. Ukiwasha, mimi huweka sahani yake."

Nikairudisha kamshafti kwenye boksi lake.

Kwa hiyo niliendelea kufa kwa wiki mbili zaidi, sasa nikijua. Na lazima niandike ukweli: kulikuwa na raha yake. Mama alinitendea wema wa ajabu. Aliniomba msamaha kwa kipigo cha darasa la tano, ambacho kwa kweli alipaswa kupigwa ndugu yangu. Aliniambia nilikuwa mtoto mzuri, ila nilizungumza kama redio. Aliniambia kitabu changu cha insha aliwahi kusomewa kurasa mbili na akalala, na kwamba talaka yangu ilimuumiza zaidi kuliko alivyoonyesha. Hakuna mwandishi aliyewahi kusikia mambo hayo bila kulazimika kujitetea. Nilikaa pale, jua likinipiga usoni, nikitazamwa na macho yasiyoona, na nyakati fulani nikajikuta nazuia pumzi ili nisimkosoe. Jioni moja nilipotoka, nilijitazama kwenye kioo cha basi, nikahesabu ni watu wangapi waliosema nami siku ile. Dereva hakuwa ameitika salamu.

Kisha shemeji alipoinua mto wa kiti cha Mama ili kuufua, akakuta vidonge. Vilikuwa vya presha, vya siku nyingi, vimelowa mdomoni na kukauka, vimeshikana kama kunde.

Alinionyesha kwenye kiganja. Jioni ile, tulipobaki wawili, nilimuuliza Mama kwa nini hamezi dawa.

"Mdogo wako ana mke, na gari lake linapumua vizuri," akasema. "Wewe huna mtu huko. Usitembee peke yako. Nitakufuata, haitachukua muda."

Alisema hivyo akiwa amekunja mikono ndani ya leso, kama mtu anayesubiri basi la saa fulani. Nikaelewa nilichokuwa nafanya tangu Mei. Kila nilipoiongezea injini nguvu, nilikuwa nampunguzia Mama sababu ya kubaki. Alikuwa amegawa kazi yake ya umama kwa haki: mmoja amepona, mwingine yuko gizani peke yake, basi aende kwa yule anayemhitaji.

Nilikwenda kwa yule fundi siku iliyofuata, kwa kisingizio cha skrubu. Nilimweleza yote. Alikuwa amelala chini ya lori la mtu. Akatoka na kukaa, akajifuta mikono kwa muda mrefu.

"Mama mudogo wangu," akasema, "ni wewe njo ulimwambia ugonjwa yake, mu hospitali. Nilikuwa pale. Haukufunga hata macho. Ulisema neno lenyewe." Akaokota spana. "Kwa mama ya wengine uko mwanaume."

Akarudi chini ya lori.

Jumapili ile, baada ya ibada, tulimwambia Mama kwamba mwenye gari anataka kumtembeza. Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo sitaki kuieleza. Alidai gauni la kitenge na kitambaa kipya cha kichwa. Shemeji alimketisha kiti cha mbele na kumfunga mkanda, akaniangalia juu ya paa la gari, akarudi ndani ya nyumba. Niliwasha. Mama akaweka kiganja juu ya dashibodi, akahisi mtetemo, akatabasamu kwa fahari ya mtu ambaye mwanawe amejenga.

Niliendesha kuelekea ziwani. Septemba ilikuwa imeanza kuchoma majani ya juu. Mama alikaa, sikio limeelekea usukani. Alikuwa anampa mwanawe mdogo nafasi ya kukiri. Tulipopita nyumba za mwisho nikasema, "Mama, ni mimi."

Tabasamu likabaki mahali pake, lakini mkono aliokuwa ameuweka kwenye dashibodi ukateremka polepole mpaka mapajani.

"Kumbe," akasema. "Tumeondoka tayari?"

Sikumwelewa mara moja. Aliendelea kwa utulivu, uso mbele, kama abiria asiyetaka kumsumbua dereva. Akasema kufa hakukumuuma hata kidogo. Akauliza kama nilimfuata kitandani au kwenye kiti. Akasema angependa ningempa nafasi ya kumuaga mdogo wangu, lakini si neno.

"Mama, mimi ni mzima. Sijafa."

"Najua, mwanangu," akasema, kwa ule upole. "Usijali. Endesha tu."

Nikasimamisha gari kando ya barabara, juu ya nyasi zinazotazamana na maji, nikaiacha injini inaunguruma. Nikamshika mkono. Alijaribu kuuvuta, na ana nguvu kuliko unavyodhani. Sikuuachia. Niliupeleka shingoni mwangu, chini ya taya, pale ambapo wauguzi hutafuta, nikaubana hapo. Aliacha kuvuta. Nilihisi vidole vyake vikisogea, vikitafuta, vikituama. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, kichwa ameinamisha upande mmoja, akihesabu. Kisha vidole vikapanda: taya, sikio, kipara, na hapo kwenye kipara akasita, akakizunguka chote.

"Na huyo mwingine?" akauliza.

Kazini tuna kanuni. Sentensi iwe fupi. Neno liwe lenyewe. Usiseme ametutoka, usiseme amepumzika, kwa sababu mtu aliyeshtuka atang'ang'ania mlango wowote utakaouacha wazi. Nimelisema neno hilo kwa watu ambao hata majina yao siyakumbuki.

"Amekufa, Mama. Alikufa Aprili. Tumemzika."

Mkono ulibaki kichwani pangu. Alikuwa anasikiliza silinda sita zikivuta pumzi kwa pamoja, safi, bila kukohoa, na nikaona anavyozisikia sasa: kitu kinachopumua na ndani hamna mtu.

"Zima hiyo," akasema.

Nikazima. Chuma cha moto kikaanza kulialia kinavyopoa. Mama hakulia pale. Alilia nyumbani, siku tatu, na shemeji alilia naye kwa sauti kwa mara ya kwanza, na vile viti vya korido vikafunguliwa tena. Siku ya nne akaomba dawa zake, akazimeza. Akasema sasa apelekwe.

Makaburi yako upande wa magharibi, uwanja mkubwa ambao mawe yake yamelazwa sawa na ardhi ili mashine ya nyasi ipite juu yake. Bata bukini walikuwa wanatembea kati ya mawe kama wakaguzi. Tulikuwa watatu tu, Mama alitaka hivyo. Akauliza kichwa kiko upande gani, akasogea mpaka hapo, akagusa jiwe kwa ncha ya kiatu. Mimi nikajitolea kusema. Nilikuwa nimeandaa maneno, kwa bahati mbaya, na yalikuwa mazuri. Akanikataza kwa kidole.

"Mwanangu," akasema, kwa sauti ya kawaida, sauti ya kumwambia mtu kwamba mvua inanyesha na nguo bado ziko kambani, "umekufa. Ulikufa Aprili. Walinificha, na mimi sikujua nikwambie. Mke wako yuko hapa. Kaka yako yuko hapa, ni mzima, nimemshika mwenyewe. Sasa lala."

Kisha akainamisha kichwa, akasikiliza. Upepo uliacha. Shemeji alikuwa ameshika mkono wangu bila kujua, kucha zikiniingia. Tulisimama hivyo mpaka nikaanza kujisikia mjinga, na baada ya ujinga, kuogopa.

"Anasemaje?" shemeji akanong'ona.

Mama alikuwa amekunja uso, kama anayepokea simu yenye mikwaruzo.

"Anauliza, kama ni hivyo, gari lake kila jioni lilikuwa linawashwa na nani." Akanigeuzia uso. "Mjibu. Anangoja."

Nikapiga magoti kwenye nyasi zenye unyevu, nikainama karibu na jiwe.

"Ni mimi," nikasema.